Mtaa mzima unapinga mwendokasi, mimi naombwa nisaini. Naombeni ushauri kabla ya Jumapili

Mkaa Barabarani:
Habari za jioni wakuu. Nina wiki ya pili silali vizuri.

Naishi Dar, pembeni ya barabara kubwa ambayo imepangiwa njia ya mabasi ya mwendokasi. Eneo silitaji kwa sababu majirani zangu wamo humu. Wapimaji walishapita, X zimechorwa kwenye majengo ya kuvunjwa, na mtaa umeunda kamati ya kupinga. Barua imeandikwa kurasa tatu: mradi usipite kwetu, utafutiwe njia nyingine. Jumapili baada ya swala ya alasiri tunakutana kwa mzee mwenye duka la vifaa vya umeme ili kila mwenye nyumba asaini na kuweka namba ya simu.

Sitaki kusaini. Lakini mzee huyo ndiye aliyenipokea mtaani nikiwa na begi moja, na mama yangu alipofariki alifunga duka siku tatu akakaa msibani. Nisiposaini nitamtazamaje? Na nikisaini naogopa kuharibu mambo. Naombeni busara zenu.

Kimara Mwisho:
Mkuu, acheni kupinga maendeleo. Kabla mabasi hayajaanza Mei 2016 mimi nilikuwa natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili niwahi kazini Posta saa mbili. Leo natoka saa kumi na mbili na nusu. Tunabanana, ndiyo, kuna siku unashuka kituo kimoja mbele kwa kushindwa kufika mlangoni. Ila kurudi kule kwenye foleni ya Ubungo? Hapana.

Bi Mdogo wa Temeke:
Kimara Mwisho, wewe ni abiria, mwenzio ana nyumba pale, na hayo ni mambo mawili. Dada yangu alikuwa na genge barabara ya Kilwa. Kulipokuwa kunachimbwa, mteja wa ng'ambo ya barabara alikuwa anaona nyanya zake kwa macho lakini kuzifikia lazima azunguke hadi kwenye kivuko. Nani atazunguka kwa nyanya za elfu moja? Barabara ikaisha, ikakaa muda mrefu bila mabasi, na genge lilikuwa limekufa zamani.

Jirani wa Zamani:
Nyumba yetu ya familia ilivunjwa 2017, Kimara hadi Kiluvya ile. Pale hifadhi ya barabara ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Baba alikuwa na risiti za umeme, maji, kodi ya jengo, zote kwenye bahasha ya kaki. Aliishika ile bahasha mkononi huku tingatinga likifanya kazi. Mpaka leo ipo kabatini. Saini ndugu yangu, msikae kimya kama sisi.

Mpimaji Mstaafu:
Mleta mada, umeandika "X zimechorwa" ukapita haraka sana. X yako ni ya rangi gani? Na jengo lako liko mita ngapi kutoka katikati ya barabara? Bila hayo mawili huwezi kupata ushauri hapa.

Mkaa Barabarani:
Rangi si hoja sana mkuu, hoja yangu ni mahusiano na majirani. Nataka kujua namna ya kumwambia mzee bila kumvunjia heshima.

Mpimaji Mstaafu:
Rangi ndiyo hoja yenyewe, na naieleza kwa faida ya wote. Zamani hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati. Sheria ya Barabara ya 2007 ikaisogeza hadi mita 30. Aliyekuwepo kihalali ndani ya zile mita 7.5 za nyongeza, barabara ndiyo iliyomfuata, kwa hiyo analipwa fidia na X yake ni ya kijani. Aliye ndani ya 22.5 anahesabiwa kwamba yeye ndiye aliyeifuata barabara. Huyo X yake ni nyekundu, anavunja kwa gharama zake na halipwi. Sasa jibu.

Mkaa Barabarani:
Kijani.

Na nimeshasaini fomu ya uthamini, tangu mwezi wa tano. Mtaani hawajui kama nilisaini. Wengi wao ni nyekundu, mzee akiwemo. Siku wathamini walipokuja majirani walikubaliana wote wawafungie mageti. Mimi nilifungua.

Bi Mdogo wa Temeke:
Alaa! Kumbe ulikuwa unatuuliza namna ya kuaga kwa adabu.

Ustadhi wa Mbagala:
Jibrili alimuusia Mtume kuhusu jirani mpaka Mtume akadhani jirani atarithishwa. Wewe umekula chumvi ya yule mzee halafu unafungua geti nyuma ya mgongo wake. Ukiwa na dhamira safi ungemwambia siku ile ile.

Mkaa Barabarani:
Ustadhi, nakuheshimu, lakini jiweke kwenye nafasi yangu. Nina watoto wanne. Kufunga geti kusingeondoa X. Niliwaza nikikataa kuthaminiwa, tingatinga litakuja hivyo hivyo na mimi nitabaki na bahasha kama baba wa Jirani wa Zamani. Nimeshatafuta kiwanja Mapinga na nimelipa nusu kwa mkopo wa kikoba cha mke wangu, marejesho ni kila Jumamosi. Barua ikisikilizwa na mradi ukahamishwa, fidia haipo, na kikoba hakijui habari za barua. Sijamwibia mtu.

Kijana wa Leith:
Niko Edinburgh, Uskochi, mwaka wa kumi na tisa huu. Huku walileta tramu, watu wakapinga vilevile. Ilitakiwa ianze 2011, ikaanza 31 Mei 2014, tena nusu ya njia. Bajeti ilikuwa pauni milioni 545, zikatumika 776. Mtaa wa Leith Walk ulichimbwa kuhamisha mabomba, halafu tramu yenyewe haikufika! Wakafukia, miaka ikapita, wakaja kuchimba upya. Ilifika Newhaven Juni 2023. Kulikuwa na duka nilikokuwa napata unga wa sembe na samaki wakavu. Kila nikienda, uzio umesogea, mlango siuoni, na mwenye duka amekaa kwenye kiti anatazama vizuizi vya rangi ya chungwa. Safari moja nikakuta kibao cha kupangisha. Leo napanda tramu hiyo kwenda kazini na ni nzuri, sisemi uongo. Ila nikipita pale huwa nageuza uso.

Kimara Mwisho:
Kijana wa Leith, sembe huko kilo shilingi ngapi?

Wakili wa Uswahilini:
Turudi kwa mleta mada. Hofu yako kwamba saini ya Jumapili itakufutia fidia haina msingi. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda mali yako na fidia ya haki, na kupeleka malalamiko si kosa linalofuta haki hiyo. Hakikisha tu uthamini wako umekamilika: thamani ya ardhi na jengo, posho ya usumbufu, usafirishaji wa mizigo hadi tani 12 ndani ya kilomita 20, na posho ya makazi ambayo ni kodi ya mwezi ya nyumba kama yako mara miezi 36. Kama una biashara yenye hesabu, kuna na upotevu wa faida, nayo ni miezi 36. Miezi sita ikipita tangu uthamini uidhinishwe bila kulipwa, unadai riba. Miaka miwili ikipita, uthamini unarudiwa.

Ushauri wangu: nenda Jumapili, ila usisaini barua kama ilivyo. Kuomba mradi wote uhame ni kupiga ukuta ngumi. Ombeni vivuko vya waenda kwa miguu, sehemu za magari kugeukia, muda wa kutosha wa kuhama, na kila nyekundu ipimwe upya kwa utepe mbele ya mwenye nyumba. Barua hiyo utaisaini wewe na mzee, mkono mmoja.

Sina Jina:
Mimi naona hii ni chai. Someni vizuri. Anasema ni kijani, lakini kalipia kiwanja nusu kabla ya fidia, nani anafanya hivyo? Halafu wote wa mstari ule ni nyekundu, yeye peke yake kijani, barabara imepinda kwake? Eneo hataji, awamu ya mradi hataji. Hadithi hii kaitunga ili tugombane. Tuwekee picha ya X.

Jirani wa Zamani:
Na mimi nimeanza kuingiwa na shaka. Umenifanya nikumbuke mambo ya baba yangu, kama ni uongo si haki.

Mkaa Barabarani:
Jirani wa Zamani, naapa sijatunga. Picha siweki, watajua ukuta. Ngoja nieleze.

Siku hiyo walikuja vijana watatu. Mmoja kashika utepe katikati ya barabara, magari yanampigia honi, mwingine anauvuta anaruka mtaro kuja kwetu, wa tatu ana makopo mawili ya rangi na brashi moja tu. Walianza na nyekundu. Walipofika nyumbani kwangu akaifuta brashi kwenye nyasi, akachovya kijani, ndiyo maana X yangu ina mchirizi wa rangi ya damu ya mzee kwenye ncha. Nyumba inaanzia mita 24 kwa sababu marehemu mama alikataa kujenga mbele, alisema vumbi. Wenzangu wamejenga mbele, wako mita 17, 18, 20. Barabara haijapinda.

Mpimaji Mstaafu:
Maelezo haya ya utepe ni ya mtu aliyeona. Ila umesema "alikataa kujenga mbele". Na sasa mbele kuna nini?

Mkaa Barabarani:
Kuna fremu ya biashara. Niliijenga mimi baada ya mama kufariki. Iko mita 19.

Mpimaji Mstaafu:
Kwa hiyo una X mbili. Fremu ina mpangaji?

Mkaa Barabarani:
Yupo. Fundi cherehani, dada mmoja wa makamo.

Bi Mdogo wa Temeke:
Kaingia lini?

Mkaa Barabarani:
Nimeona swali. Mtoto alikuwa ananiita.

Bi Mdogo wa Temeke:
Ameshalala huyo mtoto. Kaingia lini?

Mkaa Barabarani:
Mwezi wa sita. X ni ya mwezi wa pili. Alilipa miezi sita kwa laki na nusu, laki tisa kamili, na juzi ameongeza sita mingine. X iko ubavuni upande wa mtaro, na kuna bango la kuuzia vocha limeegemea pale. Bango sikuliweka mimi, lilikuwepo. Ila sikulisogeza. Zile laki tisa za kwanza ndizo zilizoanzia kiwanja.

Ndiyo maana naogopa Jumapili. Barua ina orodha ya nyumba zote na rangi zake, na yeye ameshaniambia atakuja kuwaunga mkono majirani.

Ustadhi wa Mbagala:
Sasa umesema. Habari ya mzee iache kwanza. Nenda kwa huyo dada usiku huu.

Kimara Mwisho:
Mimi niliyesema acheni kupinga maendeleo nimekaa kimya. Laki tisa za juzi zipo?

Mkaa Barabarani:
Zipo laki saba.

Wakili wa Uswahilini:
Mrudishie hizo kesho, na mbili uandike deni mbele ya shahidi. Asiendelee kukaa kwa kutojua, maana notisi ya kuvunja ikija itamkuta na vitambaa vya watu.

Mkaa Barabarani:
Wakuu, sikungoja kesho. Nimetoka kwake sasa hivi, alikuwa anamalizia sare za shule. Nimempa laki saba na nimemweleza yote. Hakusema neno. Alichukua tochi ya simu akaenda ubavuni, akalisogeza bango mwenyewe, akaigusa ile rangi kwa kidole kama anajaribu kama imekauka. Kisha akaniuliza mkutano wa Jumapili ni saa ngapi hasa.

Nimemwambia saa kumi na robo.

Bi Mdogo wa Temeke:
Na mzee?

Mkaa Barabarani:
Mzee taa yake bado inawaka. Navaa viatu.