Invention namba 1 ya Bach (C meja): mikono ikikutana inavurugika, tatizo liko wapi?

Ufunguo_wa_G
Wakuu, habari zenu. Nina mwanafunzi wa miaka 13, anasoma noti vizuri na skeli za oktava mbili hazimsumbui. Tumeanza Invention ya kwanza ya Bach, kipande kifupi cha sauti mbili, moja kwa kila mkono, ile ya C meja (BWV 772, yaani namba yake katika orodha ya kazi za Bach). Kila mkono peke yake unakwenda safi kwa 80 kwenye metronomu, krocheti ikiwa pigo moja. Mikono ikikutana anakwama palepale kipimo cha 1 (kipimo ni fungu la mapigo manne kati ya mistari miwili ya wima), nusu ya pili. Akivuka hapo anafika kipimo cha 7 na kupotea kabisa. Tumeshusha mwendo hadi 50, hali ni ileile. Nyumbani anatumia kinanda cha oktava 5. Nimrudishe kwenye mkono mmoja mmoja, au kuna kitu sijakiona?

Besi_Chini
Mwalimu, usimrudishe. Mkono mmoja mmoja ameshaumaliza, asichokijua ni mahali mikono inapokutana, na hapo mwendo wa polepole peke yake hausaidii.

Tazama nusu ya pili ya kipimo cha 1. Kwenye pigo la 3 mkono wa kulia unatua kwenye G. Wa kushoto bado kimya, una pumziko la semikwava moja (robo ya pigo), ndipo uingie na C. Kosa linalotokea karibu kila mara ni kuipiga C hiyo pamoja na G, maana mkono mmoja ukitua na mwingine nao unataka kutua. C ikiwahi, noti zote zinazofuata za mkono wa kushoto zinawahi kwa semikwava moja, na mtoto anasikia kitu kibaya bila kujua kimeanzia wapi.

Noti zinazopigwa pamoja katika nusu hiyo ni jozi tatu tu: D ya kushoto na C ya kulia, F na B mwanzoni mwa pigo la 4, kisha E na C. Achore mwenyewe mistari ya wima kwa penseli kwenye jozi hizo. Apige jozi tatu peke yake, bila noti za katikati, mpaka vidole viende bila kutafuta. Halafu apige zote huku akisema kwa sauti:

kulia – kushoto – wote – kushoto – wote – kushoto – wote – kushoto

Maneno manane, semikwava nane. Metronomu aiache kwanza. Akiweza mara tano mfululizo bila kukosea, iwashe kwa 40 na umwongezee kipimo cha 2 hadi pigo la kwanza tu, asimame hapo. Daima amalizie kwenye noti ya kutua, asikate katikati ya mwendo, la sivyo atajifunza kusimama mahali pasipo na kituo.

Jambo jingine: ondoa mordenti ya B kwa sasa, lile pambo la kugusa haraka noti ya chini na kurudi. Inaangukia palepale F ya kushoto inapopigwa, na mtoto akiiwahisha kabla ya pigo anaivuta F nayo. Ikirudi, ianze pamoja na F: B, A, B, haraka, kisha C. Ndivyo Bach mwenyewe alivyoionyesha katika jedwali la mapambo alilomwandikia mwanawe Wilhelm Friedemann kwenye kitabu kilichoanzwa mwaka 1720. Pambo linakaa ndani ya pigo, halitangulii.

Sauti_ya_Pili
Naunga mkono hayo yote. Kipimo cha 7 lakini kina sababu yake tofauti.

Mwanzoni mkono wa kulia unatangulia na wa kushoto unajibu oktava moja chini. Kipimo cha 7 muziki umeshafika G meja na kazi imegeuzwa: wa kushoto ndio unaotangulia, wa kulia unajibu. Mtoto aliyezoea kumfuata "kiongozi" wa kulia anakosa wa kumfuata. Hachezi vibaya, amejifunza sauti moja na nusu tu. Wanaoimba kwaya watanielewa: ni kama besi aanze shairi halafu soprano ndiye adakie.

Dawa yake: wewe piga sauti moja, yeye apige nyingine, kisha mbadilishane. Baadaye apige kushoto huku akiimba kulia, "la la" inatosha. Kisha kinyume chake, apige kulia aimbe kushoto. Hiyo ya pili ni ngumu zaidi na ndiyo yenye faida. Vipimo vya 7 na 8 vinatosha kwa wiki nzima. Muonyeshe pia kwamba ni vile vya 1 na 2 vilivyobadilishana mikono na kuhamia G. Akiviweka sambamba kwenye karatasi ataona.

Vidole anatumia vipi kipimo cha 1?

Ufunguo_wa_G
Asanteni sana. Kweli anaipiga C pamoja na G, nilikuwa nadhani ni haraka tu. Vidole vya kulia (1 ni gumba, 5 ni kidole kidogo): 1 2 3 4 2 3 1, kisha 5 kwenye G.

Sauti_ya_Pili
Hiyo 5 ndiyo inayoongeza tatizo. Akiweka 5 kwenye G, mkono mzima lazima uruke kwenda C ya juu, na unaruka wakati uleule wa kushoto unapoingia. Weka 2 kwenye G, 5 kwenye C, 4 kwenye B, 5 tena kwenye C. Mkono unafunguka badala ya kuruka, na mordenti inapata 4-3-4. Kushoto: 5 4 3 2 4 3 5, kisha 1 kwenye G ya kipimo cha 2 na 5 kwenye G ya chini yake. Aviandike, na asibadilishe siku hadi siku.

Halafu semikwava aziunganishe, kwava (noti za nusu pigo) azikate kidogo. Bach hakuandika hivyo, ni desturi ya wapigaji, ila inamsaidia sana mtoto kusikia nani anasema wazo na nani anasindikiza. Kuanzia kipimo cha 3 mkono wa kushoto unapiga noti nne za kwanza za wazo lilelile kwa kwava, yaani kwa urefu maradufu, huku wa kulia ukiwa na wazo lililopinduliwa juu chini. Hapo tofauti ya mguso inasikika vizuri mno.

Besi_Chini
Nyongeza kabla hajafika mbali. Vipimo vya 15 hadi 18 mikono inapokezana: mmoja unasema, mwingine unashikilia noti ndefu iliyofungwa kwa upinde. Watoto huiachia mapema kwa sababu sauti inafifia na wanadhani imekwisha. Aipige kwa uzito kidogo zaidi ya jirani zake, kidole kibaki chini. Pedali asiguse, itachanganya sauti mbili ziwe uji.

Kinanda cha oktava 5 kinatosha kwa kazi hii, mradi kinaitikia nguvu ya kidole. Kama hakiitiki, mazoezi ya kupima uzito ayafanye kwenye piano yako.

Kagua na chapa unayotumia. Alama za nguvu na "crescendo" (ongeza sauti polepole) ni za wahariri, Bach hakuziweka. Ukikuta semikwava zimegeuzwa kuwa tatu-tatu (noti tatu mahali pa mbili), hilo si kosa la mchapaji: ni badiliko alilolifanya Bach mwenyewe baadaye, linaitwa BWV 772a. Kwa mtoto huyu baki na semikwava za kawaida.

Ufunguo_wa_G
Na mwendo wa mwisho mnashauri ngapi?

Besi_Chini
Kati ya 66 na 76 kwa umri wake. Kwenye ukurasa wa mbele wa mwaka 1723 Bach alieleza kwamba lengo kubwa ni kupata upigaji wenye kuimba, kwa hiyo mwendo ambao hawezi kuimba sauti moja huku akipiga nyingine, bado ni wa haraka kwake.