Wi-Fi ya lodge: nywila moja ngumu, vocha, au kila mtu na yake?

Dada_Rau

Wakuu, habari za jioni. Naendesha lodge ya vyumba 14 hapa Moshi, wageni wangu wengi ni wapanda mlima. Wi-Fi yetu ina nywila moja, imechapwa kwenye kadi za mezani, na haijabadilishwa tangu 2021. Juzi wakati wa chai ya asubuhi mgeni mmoja akaniita pembeni. Alikuwa anatafuta runinga ya sebuleni ili arushie picha zake za kileleni, simu ikamletea orodha: printa ya mapokezi, kompyuta ya mhasibu ikiwa na jina lake kamili, na mashine ya kurekodi kamera. Akaniomba ruhusa aibonyeze hiyo ya mwisho. Akaandika admin na nywila ya kiwandani, ukurasa ukafunguka, nami nikajiona kwenye simu yake, nimesimama pale pale mezani na birika mkononi. Sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Nimeita mafundi watatu, kila mmoja ana lake. Wa kwanza anataka nywila ngumu ibadilishwe kila mwezi. Wa pili anauza mfumo wa vocha. Wa tatu anasema kila mfanyakazi awe na jina na nywila yake kupitia seva. Nina wafanyakazi 11, na fundi wa kudumu sina. Mliopitia haya, nichague lipi?

FundiWaya

Pole sana dada. Huyo mgeni ni muungwana, wengine wangenyamaza. Kabla hujachagua lolote, usiku huu huu badilisha nywila ya mashine ya kamera. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilikusanya jeshi la kamera na mashine za kurekodi kwa kujaribu nywila za kiwandani tu, na tarehe 21 Oktoba jeshi hilo likaielemea kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikielekeza watu kwenye tovuti wanazoandika, hadi Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi Marekani. Wenye kamera hizo hawakujua lolote. Na kama uliwahi kufunguliwa njia kwenye ruta ili uzitazame kamera ukiwa nyumbani, ifungwe.

Sasa turudi kwa mafundi wako. Wa kwanza anapaka dawa pasipouma. Nywila iwe ngumu namna gani, ukishampa mgeni, mgeni yuko ndani. Kinachokuumiza ni kwamba mgeni, mhasibu na kamera wote wanalala chumba kimoja. Wewe huwezi kumpa mpanda mlima ufunguo unaofungua vyumba vyote 14, lakini kwenye Wi-Fi ndicho unachofanya kila siku.

Kwa hiyo gawa kwanza. Wageni na mtandao wao, ofisi na wao, kamera na wao, kila mmoja kwenye VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa ndani ya vifaa vile vile. Wa wageni uione intaneti basi. Humo humo washa kipengele cha kutenganisha vifaa, ili simu ya chumba namba 3 isiione laptopu ya chumba namba 9. Vifaa vya Omada, UniFi na MikroTik vyote vinaweza kazi hii, huhitaji kitu cha anasa. Kamera na kompyuta ya mapokezi zitoe kabisa kwenye Wi-Fi, zivutie waya.

Fundi akikuambia amemaliza, chukua simu yako, ingia mtandao wa wageni, andika anwani ya mashine ya kamera. Ikifunguka, kazi bado, usimlipe.

Mzee_Kitunda

Mimi dukani nimeficha jina la Wi-Fi na nimeruhusu anwani za MAC, zile namba za utambulisho wa kila kifaa, ninazozijua tu. Mwaka wa sita huu, bila gharama, sijaona tatizo.

Kifaru_Dom

Mzee wangu shikamoo. Kwa heshima zote, hizo mbili usizitegemee. Jina ukilificha, simu za wafanyakazi wako ndizo zinazoliita kila ziendako, na mwenye kusikiliza analipata mara moja. Anwani ya MAC nayo inapita angani bila kufichwa, mtu anaisoma na kuiiga kwa dakika moja. Halafu simu za siku hizi, Android tangu toleo la 10 na iPhone tangu iOS 14, kwa kawaida hazionyeshi MAC yake halisi, kwa hiyo utasumbuka na orodha hiyo bila faida.

Dada, suala la WPA2 na WPA3, yaani aina za ulinzi wa Wi-Fi, hakuna aliyeligusa. Kwenye WPA2 mtu anaweza kukaa nje ya ukuta wako, akanasa yale mazungumzo mafupi simu inapojiunga na ruta, kisha akaenda nayo nyumbani kubahatisha nywila mamilioni ya mara bila wewe kujua. "Moshi2021" haifiki jioni. WPA3, iliyotoka 2018, imeziba hapo: kila jaribio lazima lifanyike mbele ya ruta yenyewe. Vilevile inakataa zile amri za uongo za kuwatoa watu mtandaoni. Mtandao wa ofisi uweke WPA3 kama vifaa vyote vinaipokea. Kama printa yako ni ya zamani na haikubali, baki na WPA2 lakini nywila iwe maneno matano au sita yasiyohusiana, nafasi ipo, inapokea hadi herufi 63.

Na WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nywila ya Wi-Fi, izime! Ile PIN ya tarakimu 8 inaonekana ndefu, ila ruta huikagua vipande viwili, na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia. Majaribio yanabaki 11,000 tu. Hili liliwekwa wazi Desemba 2011 na bado nakuta ruta maofisini zimeiacha wazi.

Pwani_Net

Nasimamia Wi-Fi ya hoteli hapa Nyali, Mombasa, niseme kuhusu vocha kwa sababu tunazo. Ni nzuri kwa kugawa kasi na muda. Mgeni akiondoka vocha inakufa, meneja anafurahi. Lakini ziiteni hesabu, msiziite ulinzi. Mifumo mingi hurusha mtandao usio na nywila, mgeni anaunganika kwanza ndipo anaulizwa namba. Angani kila kitu kinapita bila kusimbwa, labda tovuti yenyewe iwe na ulinzi wake.

Mwaka jana mtu alirusha jina letu lile lile akiwa sehemu ya kuegesha magari. Ukurasa ulifanana na wetu, ila wake uliomba namba ya kadi ya benki. Tulijua kwa sababu wageni wawili walikuja mapokezi kuuliza tangu lini Wi-Fi inalipiwa. Wangapi hawakuja, sijui mpaka leo. Tangu hapo vocha zetu zinakaa juu ya mtandao wenye nywila, na kadi ya chumbani imeandikwa wazi kwamba hatuombi malipo yoyote kupitia Wi-Fi. Pacha kamili, yaani mtandao bandia unaofanana na wako, anaweza kuiga hata nywila hiyo, ni kweli, ila yule mwizi wa kupita njia umemkwaza.

Neema_Hesabu

Mimi ni mhasibu, si mtu wa mitambo, lakini mbona hamumtaji mfanyakazi aliyeondoka? Ofisi niliyokuwa zamani, kijana aliachishwa kazi Ijumaa, na Jumatatu alikuwa bado anatumia Wi-Fi akiwa kibandani ng'ambo ya barabara. Nywila ilikuwa moja, kuibadilisha kulimaanisha kuzunguka vifaa arobaini. Hakuna aliyejitolea.

Na dada, kwenye kompyuta ya mapokezi nadhani umehifadhi nakala za pasipoti za wageni. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kazi Mei 2023. Zikivuja, wa kuulizwa ni wewe.

Kifaru_Dom

Umegusa penyewe, dada Neema. Hapo ndipo fundi wa tatu ana hoja. Kila mtu na utambulisho wake, anayeondoka unamfuta peke yake. Ila seva ya RADIUS, hiyo inayokagua jina na nywila ya kila mtu, kwa watu 11 na bila fundi wa kudumu? Ikizima saa mbili usiku, mapokezi hakuna anayeingia. Na ikisimikwa ovyo, bila simu kukagua cheti kinachothibitisha kwamba seva ni ya kweli, pacha wa bandia atazikusanya nywila za watu vizuri tu. Ni chombo kizuri kwenye ofisi yenye idara ya mitambo.

Kwako kuna njia ya kati: jina moja la Wi-Fi, lakini kila mfanyakazi na nywila yake. Omada na UniFi wanaiita PPSK. Hakuna seva ya kulea. Upungufu wake ni kwamba kwa kawaida inaenda na WPA2, kwa hiyo nywila lazima ziwe ndefu. Mimi ningekubali hasara hiyo.

FundiWaya

Naunga mkono PPSK. Nyongeza moja: ruta isasishwe. MikroTik walikuwa na tundu kwenye Winbox, programu yao ya kusimamia ruta, lililowezesha mtu kusoma nywila za ruta bila kuingia. Walitoa marekebisho Aprili 2018, lakini miezi kadhaa baadaye maelfu ya ruta zisizosasishwa zilikuwa zinatumiwa kuchimba sarafu za kidijitali. Mlango wa usimamizi ufungwe upande wa intaneti na upande wa wageni pia.

Dada_Rau

Wakuu, narudi na mrejesho wa wiki mbili. Tumegawa mitandao mitatu, kamera na mapokezi ziko kwenye waya, WPS imezimwa, wafanyakazi kila mmoja na nywila yake. Vocha nimeziacha. Nywila ya wageni inabadilika kila Jumatatu, nimeitoa kwenye kadi za mezani, inaandikwa kwenye bahasha ya ufunguo. Jana nilisimama koridoni nikaandika anwani ya kamera kwenye simu. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikakata tamaa. Nimemlipa fundi.

Ila runinga ya sebuleni nayo haionekani tena, na mgeni wa chumba namba 6 ana picha za Barafu Camp anataka kuwaonyesha wenzake.

FundiWaya

Ni ule utenganisho unafanya kazi yake. Mwambie fundi aihamishie runinga VLAN yake, kisha aruhusu wageni waifikie hiyo runinga peke yake, na awashe mDNS, njia ya vifaa kujitangaza, kati ya VLAN hizo mbili ili simu ziione. Leo mpe mgeni waya wa HDMI.