Kiwanda kikituhumiwa kumwaga sumu, nani athibitishe: mgonjwa au mwenye kiwanda?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa kina.

Msimamo wangu ni huu: wakazi wakishaonyesha kwamba kiwanda kinatoa sumu inayojulikana, na kwamba imefika wanapoishi, kisimamishwe kwanza. Kuthibitisha kuwa hakuna madhara iwe kazi ya mwenye kiwanda na mamlaka iliyompa kibali.

Chukueni Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata madini ya risasi kiliwekwa ubavuni mwa makazi ya watu. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, alianza harakati baada ya mtoto wake kuugua kwa sumu ya risasi. Kiwanda kilifungwa 2014, kesi ikafunguliwa 2016. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Hesabuni wenyewe: mtoto aliyekuwa na miaka 2 kiwanda kikifungwa, alishafika 12. Risasi hudhuru ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Fidia ni haki yao kabisa, lakini haitamrudishia mtoto huyo uwezo wa kujifunza alioupoteza.

Kule Minamata, Japani, ugonjwa unaotokana na sumu ya zebaki uliripotiwa rasmi 1956. Kampuni ya Chisso iliendelea kumwaga majitaka yenye zebaki hadi 1968, na hukumu kubwa ya kuwapa wagonjwa haki ikaja 1973. Miaka 12 sumu inamwagwa huku chanzo kikibishaniwa!

Mawakili wa viwanda hupenda kuuliza: mtajuaje kuwa mtu huyu ameugua kwa sababu yetu, si kwa sigara, si kwa rangi ya nyumba, si kwa bomba la maji? Kwa mgonjwa mmoja mmoja swali hilo ni gumu mno, maana figo iliyoharibika haina muhuri wa kiwanda. Kwa kitongoji kizima linajibika: pimeni damu, udongo na vumbi, mlinganishe na wanaoishi mbali. Ila vipimo ni ghali, na kumbukumbu za moshi na majitaka zimefungiwa ofisini kwa mlalamikiwa. Ndiyo maana naipenda Ibara ya 70 ya Katiba ya Kenya: anayedai haki ya mazingira safi halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Hapo mahakama ina nguvu ya kuzuia kabla ya misiba.

Najua mtasema ajira. Ni hoja nzito, siipuuzi. Lakini anayeuvuta moshi ule kwanza ni mfanyakazi mwenyewe. Tena zuio si lazima liue kiwanda: tanuri lizimwe kwa muda, vichujio vifungwe, maabara isiyolipwa na kiwanda ipime, na mishahara iendelee wakati huo. Wengine wanahofia kesi za fitina za washindani wa biashara. Hizo jaji atazichuja kwa kudai vipimo vya awali.

Linaloniumiza zaidi ni watoa vibali. Katika hukumu ile ya 2020, NEMA, mamlaka ya kulinda mazingira yenyewe, ilibebeshwa asilimia 40 ya dhima. Maana yake sehemu hiyo inatoka kwenye kodi, na mwathirika naye ni mlipa kodi. Mimi naona ofisa aliyejua hatari na bado akasaini awajibike yeye binafsi. Wanasheria mliomo humu, hilo linawezekana bila kuwafanya maofisa waogope kusaini kibali chochote?

Na anayeamini mzigo wa kuthibitisha ubaki kwa wakazi, atueleze watapima damu za watoto wao kwa fedha za nani, na kiwanda kiendelee kuwaka kwa muda gani wakisubiri majibu.