Filamu ya nguva wamemfuta bibi, na nimechukia kweli

Wakuu salaam. Nimevumilia tangu Jumapili, leo wacha niseme.

Mwanangu ana miaka 9 na amelelewa na bibi yake. Wiki nzima nimekuwa namsomea usiku hadithi ya nguva mdogo ya Hans Christian Andersen, yule Mdenmark. Kitabu ni cha Kiingereza, kwa hiyo nasoma mstari, namgeuzia, tunaendelea. Tulipomaliza nikamwekea katuni ya Disney ya 1989. Nyimbo zimekolea, kaa anaimba, mtoto akanigeukia: "Baba, mbona bibi yake hayupo?"

Hayupo kweli! Wamemfuta kabisa.

Na yule bibi si pambo. Mfalme wa bahari amefiwa na mke, mama yake mzee ndiye mwenye nyumba, ndiye anayelea wajukuu 6. Ana maringo yake: mkiani kavaa chaza 12, wakati wakubwa wengine mwisho wao 6. Kitinda mimba alipotimiza miaka 15, siku ya kupanda juu kuiona dunia, bibi akambana chaza 8 mkiani. Binti analalamika inauma, bibi hajali, heshima ina maumivu yake. Mwanangu alicheka sana hapo, maana ndiyo anayoambiwa kila akisukwa: ukitaka uzuri sharti udhurike.

Huyo huyo bibi ndiye anayeulizwa swali lililobeba hadithi nzima. Binadamu wasipozama, wanaishi milele? Anajibu hapana, nao hufa, tena mapema kuliko sisi. Sisi tunaishi miaka 300 halafu tunakuwa povu, hata kaburi hatuna. Wao wana roho isiyokufa. Binti anasema yuko radhi atoe miaka yake yote 300 awe binadamu siku moja tu, apate fungu huko juu. Binti anampenda mwana wa mfalme wa binadamu, sikatai, lakini anachokililia ni roho!

Sasa mtoe bibi uone kinachobaki. Binti anayekusanya uma na vikorokoro vya meli zilizozama, anamwona kijana mzuri, mchawi wa bahari anamgeuza binadamu na kumpa siku 3 za kupata busu. Basi. Habari ya kutafuta roho isiyokufa haimo kabisa.

Na ukishaitoa roho, mwisho nao lazima uuvunje. Kwenye filamu meli inamchoma mchawi, harusi, kwaheri. Kwa Andersen mchawi hana hata ugomvi na mtu, ni mfanyabiashara: kachukua ulimi wa binti, kampa miguu ambayo kila hatua ni kama kukanyaga visu. Mwana wa mfalme anaoa mwingine. Usiku ule ule dada zake wanaibuka pembeni ya meli, vichwa vitupu, nywele wamempa mchawi wapate kisu. Wanamwambia: mchome kijana moyoni, damu yake ikudondokee miguuni, mkia utarudi. Binti anafunua pazia, anamkuta bibi harusi kalala kifuani kwa mume, anambusu kijana kwenye paji la uso. Kisu kinatetemeka mkononi. Anakitupa baharini, na pale kilipoangukia maji yanakuwa mekundu.

Mnaosema watoto wataogopa, hadithi hii ilitoka 1837 kwenye kijitabu ambacho jina lake lenyewe linasema ni hadithi walizosimuliwa watoto. Andersen aliwaamini, hawa wa filamu wanawadharau.

Kinachoniuma zaidi ni 2023. Wameirudia na waigizaji, nafasi ya kurekebisha walikuwa nayo. Wakamwongezea mwana wa mfalme mama, malkia mzima, mazungumzo ya kutosha. Bibi wa nguva? Hakuna.

Mwanangu hakuogopa kisu wala povu. Dada walipoibuka walimwambia mdogo wao kwamba bibi kahuzunika hadi nywele zake nyeupe zote zimedondoka. Hapo akanisimamisha nisisome. Alitaka kwanza ajue kama ziliota tena.