Tupeane uzoefu: mtoto aliposema ametendewa ubaya na mtumishi, usharika wenu ulifanya nini?

Mzee wa Nkuhungu
Bwana Yesu asifiwe, na ndugu zangu Waislamu asalaam aleikum. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Dodoma mjini. Kuna mzazi amelalamika kwetu. Sielezi zaidi kwa sababu jambo liko polisi tayari. Sasa baraza la wazee limetakiwa kuandika utaratibu: malalamiko yakija nani aambiwe kwanza, mtuhumiwa aendelee kuhudumu au akae pembeni, familia ya mtoto isaidiweje. Kikao cha kwanza wenzangu walianza na Mathayo 18, kwamba aliyekosewa amwendee aliyemkosea wakiwa wawili tu. Nikauliza, mtoto wa darasa la nne amwendee mwalimu wake wa shule ya Jumapili wakiwa wawili tu, kwa mara nyingine? Hakuna aliyenijibu, tukaahirisha. Naomba mliopitia mseme, iwe kanisani au madrasa. Majina ya watu na ya nyumba za ibada tuyaache.

Binti Kongwa
Umenikumbusha mbali, baba yangu. Ngoja nisome kwanza.

Fundi Kizota
Kwetu Bahi tulisomewa "msiwaguse masihi wangu" na ikawa mwisho wa habari. Familia ya yule mtoto ikahama dhehebu, mwinjilisti akabaki madhabahuni.

Mama Ipagala
Hiyo Zaburi ya 105 imefunika mengi sana jamani.

Msema Kweli
Mimi natofautiana nanyi kidogo. Nimeona mtumishi akichafuliwa na watu waliogombana naye kwa sababu ya kiwanja cha kanisa. Mkifungua mlango wa kila mtu kukimbilia polisi, hakuna atakayekubali kufundisha watoto. Baraza lichunguze kwanza, likijiridhisha ndipo liende mbele.

Karani Makole
Msema Kweli, baraza la wazee linachunguza kwa kutumia nini? Wana daktari? Wana uwezo wa kuchukua sampuli? Mimi nimefanya kazi mahakamani muda mrefu, naomba mnisikilize. Kesi za namna hii zinakufa kwa sababu mtoto alihojiwa na mchungaji, akahojiwa na wazee, na akina mama, na shangazi, kila mmoja na maswali yake. Akifika kizimbani ana maelezo matano. Wakili wa upande wa pili anayachambua yote, na mtoto anaonekana mwongo. Kanisa likisikia, mtoto asiulizwe zaidi ya alichosema mwenyewe. Andikeni maneno yake kama alivyoyatamka, tarehe na saa, na jambo liende.

Na liende wapi? Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au afisa ustawi wa jamii, au serikali ya mtaa. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa serikali ya mtaa husika. Mzee wa kanisa ni mwanajamii. Polisi watatoa PF3, ile fomu ya uchunguzi wa daktari, hospitali itaijaza. Usiku ukiwakuta, pigeni 116, ni bure.

Msema Kweli
Na akisingiziwa je? Hujanijibu.

Karani Makole
Akisingiziwa, uchunguzi wa kweli ndio utakaomsafisha. Akisafishwa na wazee wenzake watu watasema wamebebana, na hilo doa atakufa nalo.

Bibi Chihanga wa Veyula
Kamati hiyo nipeni mimi na mchi wangu, kazi itaisha siku moja.

Mama Ipagala
Bibi, mchi uache mekoni. Ukimpiga, yeye ndiye atakayekwenda kuchukua PF3.

Binti Kongwa
Nimejaribu kusoma tu, nimeshindwa.

Mimi ni dada mkubwa. Mdogo wangu wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili. Mwalimu wa kwaya ya watoto alikuwa mtu wa kuachiwa funguo za kanisa, na mama akishinda shambani kwenye karanga, huyo mwalimu alipita nyumbani na sukari, na madaftari, na kutuuliza kama tumekula. Mdogo wangu akaanza kukataa mazoezi. Mama akamchapa kwa utoro. Ndipo akasema, akiwa bado analia kwa fimbo, na mama akaiangusha ile fimbo pale pale.

Mama alikwenda kwa mchungaji usiku huohuo. Kwake mchungaji ndiye alikuwa mtu wa kwanza wa kila jambo, msiba, mtoto kuugua, njaa. Mchungaji akamwombea na akalia naye, machozi kabisa, sisemi alikuwa mtu mbaya. Kisha akamwambia, "Mama, mpe Bwana nafasi." Kwa hiyo mama akatulia. Wakati ametulia, nguo zilifuliwa. Dawa za kukinga VVU ambazo lazima zianze ndani ya saa 72, muda wake ukapita. Hayo yote tulikuja kuambiwa na nesi baadaye, na mama alikaa chini kwenye sakafu ya zahanati.

Jumapili wazee wakaja nyumbani na mbuzi. Beberu mwekundu, walimfunga kwenye mgunga nje ya boma. Wakasema kijana amekiri, ametubu, ametengwa na ushirika kwa muda, na kumpeleka mahakamani ni kulitukanisha jina la Bwana mbele ya wasioamini. Wakasoma 1 Wakorintho 6. Baba alikuwa anamtazama mbuzi tu. Tulikuwa na deni la mbegu, na mimi nilijua baba anapiga hesabu, na sikumchukia, maana mwaka ule mtama haukutoka. Mama akasimama, akafungua kamba, akamswaga yule mbuzi mpaka njiani, akarudi akawaambia, "Mwanangu si nyama." Kesho yake akaenda kwa mtendaji wa kata, akapelekwa ustawi, kisha polisi.

Baada ya hapo akina mama walimtoa kwenye kikoba. Walimrudishia hisa zake ndani ya kitambaa, mbele ya watu, bila neno. Mdogo wangu shuleni akaitwa "kesi". Na mwalimu? Polisi walipofika alishaondoka. Aliondoka na barua ya uhamisho ya usharika wetu, yenye muhuri, kwamba ni mshirika mwaminifu, mwalimu mzuri wa watoto, apokelewe. Barua iliandikwa katika siku zilezile ambazo mama alikuwa anampa Bwana nafasi. Tulisikia ameelekea upande wa Singida.

Mama Ipagala
Pole sana mwanangu. Mama yako Mungu ampe maisha marefu.

Fundi Kizota
Barua ya utambulisho!!! Walimwandikia barua!

Mgogo Halisi
Pole dada. Ila wengine msije mkasema ni mila ya Wagogo. Ng'ombe na mbuzi wa kwetu ni wa mashauri ya watu wazima, mtu kaharibu shamba, mtu kajeruhiana na mwenzake. Mbuzi kwa mtoto aliyeharibiwa ni kununua watu.

Kijana wa Mpwapwa
Mgogo Halisi tuseme ukweli. Kwetu nimeona mashauri kama haya yakimalizwa chini ya mti, na wazee wakila. Tusijifiche.

Mgogo Halisi
Ulikula na wewe?

Kijana wa Mpwapwa
Nilikuwa mtoto. Usinigeuzie.

Karani Makole
Acheni ugomvi. Mbuzi au ng'ombe, kisheria hafuti kitu. Hii ni jinai, mlalamikaji ni Jamhuri, mzazi hana uwezo wa kuisamehe kwa niaba ya Serikali. Kanuni ya Adhabu inasema kubaka ni kifungo kisichopungua miaka 30, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni maisha. Tena Sheria ya Ushahidi inaruhusu hukumu itokane na ushahidi wa mtoto mwenyewe peke yake, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli. Msikubali kuambiwa "hakuna shahidi".

Ustadh Kondoa
Hilo la mashahidi limenigusa. Kwenye madrasa moja huku kwetu mzazi alipolalamika, aliambiwa alete mashahidi wanne. Nilisimama nikapinga na bado napinga. Mashahidi wanne wa Suratu Nnur ni kumlinda mwanamke mwenye heshima asizushiwe zinaa. Aya imekuja kufunga mdomo wa mzushi, leo inatumika kufunga mdomo wa mtoto. Na An-Nisaa 135 inatuamuru kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu. Kama ni hata dhidi ya wazazi, ustadh ni nani?

Abuu wa Chang'ombe
Ustadh, mambo ya fiqhi tuwaachie masheikh.

Ustadh Kondoa
Masheikh niliowauliza wamesema hivyohivyo. Kwetu sasa madarasa yana madirisha wazi, hakuna mwanafunzi kubaki peke yake na mwalimu, na mabinti wana mwalimu wa kike. Wazazi walilipia madirisha.

Muanglikana wa Mvumi
Wanaodhani haya ni ya vijijini kwetu wakumbuke Novemba 2024. Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alijiuzulu baada ya ripoti kuhusu John Smyth, mwanasheria aliyekuwa kiongozi wa kambi za vijana wa Kikristo Uingereza na kuwapiga wavulana kikatili. Baadhi ya viongozi walijua tangu 1982. Hawakumpeleka polisi. Mwaka 1984 akahamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyingine, akaumiza watoto wa Kiafrika, kisha akaenda Afrika Kusini, akafa 2018 bila kusimama kizimbani. Wasomi wakubwa walifanya kilekile kilichofanywa na wazee wa Kongwa. Walimsukuma aende mbali.

Msema Kweli
Hilo la kuhamisha mtu nakubali ni dhambi. Mimi sijawahi kutetea hilo. Lakini kumsimamisha mtu kabla ya hukumu bado kunaniuma.

Mama Ipagala
Kumsimamisha si kumhukumu. Mhasibu wa kanisa akituhumiwa sadaka imepotea anakabidhi funguo siku hiyohiyo, hamsubiri mahakama. Watoto wetu ni pungufu ya sadaka?

Katibu wa Manyoni
Dada wa Kongwa, samahani, nauliza kwa uzito. Ilikuwa mwaka gani? Sisi huku Manyoni, mkoa wa Singida, tulimpokea mwalimu wa kwaya mwenye barua kutoka Kongwa. Bado yuko. Anafundisha watoto.

Fundi Kizota
Mungu wangu.

Kijana wa Mpwapwa
Taja jina tumjue!

Karani Makole
HAPANA. Jina lisitajwe hapa, na la kanisa lisitajwe. Huenda siye, na kama ndiye, mtamkimbiza tena.

Abuu wa Chang'ombe
Mwambie mchungaji wako haraka.

Bibi Chihanga wa Veyula
Usimwambie mtu. Barua itaungua jikoni kwa mchungaji.

Muanglikana wa Mvumi
Mchungaji aambiwe, lakini polisi wakishajua. Asiwe wa kwanza.

Katibu wa Manyoni
Mimi ndiye ninayetunza mafaili ya usharika. Barua ipo. Leo jioni wana mazoezi.

Karani Makole
Piga picha barua, pande zote mbili, ya asili iache ndani ya faili. Nenda Dawati la Jinsia sasa hivi kabla ya mazoezi, uwape picha hiyo na uwaambie kuna jalada Kongwa, wao watawasiliana na wenzao. Usimhoji mwalimu. Usimwulize mtoto yeyote wa kwaya. Mazoezi sema yameahirishwa, ukumbi una shughuli nyingine.

Mzee wa Nkuhungu
Katibu, fanya alivyosema Karani. Na kwenye rasimu yetu nimeongeza leo jambo ambalo baraza halikuliwaza: mtu mwenye malalamiko ya watoto hapewi barua ya uhamisho, na anayekuja kwetu na barua, tunapiga simu alikotoka kabla hajakabidhiwa mtoto hata mmoja. Tunawauliza wazee wa huko, na tunawauliza akina mama pia.

Binti Kongwa
Katibu, jalada lilifunguliwa Kongwa na mama anayo namba, ameitunza kwenye Biblia. Nampigia sasa anisomee. Nakutumia faragha, ukifika Dawati waonyeshe.

Katibu wa Manyoni
Nitumie. Niko njiani.