Pedali ya kwanza ya gitaa: ninunue vifaa gani?

KijanaWaMoshi: Wakuu, nataka kuunda busta (pedali ya kuongeza nguvu ya sauti ya gitaa) ya transista moja, volti 9. Nianze na vifaa gani?

Fundi_Sakina: Mkuu, transista BC547, inapatikana kwa mafundi redio wengi. Ina miguu mitatu: kolekta, besi na emita. Rezista (k ni oms elfu): 430k toka chanya hadi besi, 43k besi hadi hasi, 10k toka chanya hadi kolekta, 390 oms toka emita hadi hasi. Kapasita mbili za 100nF (zimeandikwa 104), moja ya kuingiza sauti, moja ya kutoa. Potenshiometa (rezista ya kuzungusha) ya 100k ndiyo volyumu. Kabla ya kuifunga ndani ya boksi, pima kolekta: volti 4 hadi 6 ni sawa. Ukikuta karibu 9, transista haipitishi umeme. Kagua miguu yake.

Mama_Besi: Hapo kwenye miguu ndipo wengi hukwama. BC547, ubapa ukikutazama, kushoto ni kolekta. 2N5088, transista nyingine, ni kinyume, kushoto ni emita. Ukizibadilisha bila kugeuza, sauti inafifia.

Fundi_Sakina: Kweli kabisa, dada. Na adapta: za pedali nyingi huwa hasi katikati ya plagi, za ruta (za intaneti) chanya katikati. Weka diodi 1N4001 (hupitisha umeme upande mmoja tu) kwenye waya wa chanya, ukikosea adapta pedali haiungui. Boksi liwe la chuma, liungwe na hasi, la sivyo pedali itavuma.

KijanaWaMoshi: Asanteni, naanza na BC547.