Mlioishi nje na wenza wenu, nani alimfuata nani? Watu wa Mwanza na Kanda ya Ziwa tupeane uzoefu

Mwalimu wa Igoma (mleta mada)

Wakuu, mwangaluka.

Juzi nilikuwa Mwaloni Kirumba nanunua dagaa, nikakutana na jamaa tuliyesoma naye. Hata salamu hazijaisha akaniuliza, "Mbona mlirudi?" Aliuliza kwa sauti ya pole, utadhani tumefiwa. Nikamjibu masomo ya mke wangu yaliisha, nikabeba dagaa wangu nikaondoka. Ila swali limenikaa. Watu huuliza kwa nini mlirudi, au mlirudi na shilingi ngapi. Sijawahi kuulizwa mlikaaje mle ndani, wawili na mtoto, ghorofa ya nne, bila shangazi wala jirani wa kuja kuwasuluhisha.

Nianze mimi. Mwaka 2016 mke wangu alipata nafasi ya shahada ya uzamivu Leipzig, Ujerumani. Mimi mwalimu wa hesabu, nikaomba likizo bila malipo. Kabla ya kumfuata nikasoma kwanza Kijerumani ngazi ya A1 pale Goethe, Dar. Nikahamia kwa shemeji Mbagala, mtu mzima na kitambi changu, naimba der, die, das na vijana ambao ningeweza kuwa nimewafundisha kidato cha pili.

Nilipofika ndipo nikaelewa kitu. Kibali changu cha kuishi kilitokana na kibali chake. Mkataba wa nyumba, jina lake. Bima, jina lake. Mwenye nyumba akija anaongea na mke, mimi napewa "hallo" na mkono. Kwetu Usukumani mwanamke ndiye anayefungasha akaenda kwa mume. Safari hii aliyeolewa ni mimi, na mahari yangu hakuna aliyeipokea.

Miezi sita ya kwanza kazi yangu ilikuwa kumpeleka mtoto chekechea, kupika, na kurudisha chupa dukani. Kule chupa ya plastiki ya soda ukiirudisha unapewa senti 25. Msicheke, ile ndiyo hela pekee niliyoiona ni yangu. Desemba saa kumi jioni jua linazama, giza linaingia. Mtu umezaliwa Mwanza, umezoea jua linazama ziwani karibu saa moja mwaka mzima, unajiona kama uliyelala mchana ukapitiliza.

Kilichonitoa shimoni ni Kiswahili. Chuo kikuu cha pale wanakifundisha, na siku moja mke wangu akaja na mwanafunzi mmoja, binti wa Kijerumani, anatafuta mtu wa kuongea naye. Alinitoa jasho. Nikasema "vitu mbili", akaniangalia kwa huruma: "Vitu viwili, mwalimu." Lakini aliniita mwalimu. Nilikuwa na mwaka mzima sijaitwa hivyo. Baadaye wakawa watatu, tunakutana kila Alhamisi kwenye mgahawa, wananinunulia kahawa. Kisha nikapata kazi ya usiku kwenye ghala la vifurushi, mambo yakanyooka kidogo.

Halafu kuna la samaki. Kwenye jokofu la supamaketi nikakuta pakiti imeandikwa Viktoriabarsch. Nageuza nyuma: Tanzania. Sangara wetu! Tukamkaanga siku hiyohiyo. Minofu mitupu, hana kichwa, hana mfupa wa kufyonza, ni kama kutafuna pamba. Nikakumbuka mapanki, vile vichwa na mifupa tunavyobaki navyo sisi viwanda vikishachukua nyama. Mke wangu akasema, "Kumbe huku ndiko alikokuwa anakuja." Akacheka, kisha akaanza kulia. Sikujua nimfanyeje mwanamke anayelilia samaki. Nikaenda kuosha kikaango.

Haya, leteni vyenu. Madalali wa viza na "kazi Canada njoo inboksi" kaeni pembeni.

Kamanga Feri

Nimekaa palee karibu na mlango, naletewa michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na chai. Hiyo ya mahari imeniua mkuu.

Bondo Kavu

Mleta mada umetaja minofu na mapanki, umesahau bondo, kile kifuko cha hewa tumboni mwa samaki. Mimi bondo la sangara ndilo lililonionyesha China.

Nilikuwa nakusanya mabondo mwaloni, nauzia watu wakubwa wanaosafirisha. Mwaka 2013 nikasema lazima nione yanakoenda. Guangzhou kuna soko la vitu vikavu, nikayakuta yamepangwa kwa ukubwa kama vito, muuzaji anayashika kwa ncha za vidole. Nilipoona bei nilikaa chini. Biashara yenyewe sikuiweza, ina wenyewe, ila nikaona nguo na vifaa vya simu naviweza. Nikawa naleta sokoni Makoroboi, hapa Mwanza.

Mke wangu alikuja 2017, na hapo ndipo nilipojua nimeoa mfanyabiashara. Mimi nina miaka minne kule naongea kwa kikokotoo tu, naandika bei, Mchina anafuta, naandika tena. Yeye baada ya miezi minane anagombana nao kwa lugha yao, na wanampunguzia. Tukagawana: mmoja kule ananunua, mmoja Mwanza anauza, tunapokezana.

Januari 2020 ilikuwa zamu yake kule. Mimi nilikuwa nimerudi kwa msiba wa mzee, nikajua ni wiki tatu tu. Corona ikaingia. Tarehe 28 Machi China ikafunga mlango kwa wageni, hata mwenye viza halali haingii. Aprili mtaona kwenye habari za wakati ule, Waafrika Guangzhou wakaanza kutolewa kwenye nyumba na hoteli. Akanipigia saa nane usiku kwa saa zetu, kule tayari saa moja asubuhi, yuko kwenye ngazi na mabegi mawili. Haumwi, kodi kalipa. Mwenye nyumba hataki kumwona. Nilisimama kwenye baraza hapa Igogo na simu mkononi, naona taa za mitumbwi ya dagaa ziwani, na sina la kumsaidia. Akapokelewa na akina dada wawili wa Uganda, kisha wakawekwa karantini wote siku 14. Alirudi Septemba.

Sasa sikilizeni. Ugomvi mkubwa kuliko wote katika ndoa yetu haukuwa huo. Ulikuwa ni aliporudi akakuta nimehamisha duka bila kumuuliza. Wiki tatu hatuongei. Mwanamke aliyelala kwenye ngazi Guangzhou, nilipomwambia "nilitaka kukurahisishia", alinitazama mpaka nikatoka nje.

China walifungua Januari 2023. Yeye ndiye aliyetangulia. Mimi nipo dukani.

Rolex Mbili

Sisi ng'ambo yetu ni Kampala, kama haihesabiki mniambie nifute. Mwaka na nusu. Kila asubuhi rolex, ile chapati wanayoiviringisha na mayai, mpaka nikawa na umbo lake. Kisa kimoja tu: mama mwenye nyumba Mganda alitegemea mke wangu apige magoti anapomsalimia. Wake za watu wote pale wanapiga. Mke wangu ni Mkurya. Tulihama.

Kamanga Feri

Inahesabika mkuu 😂

Baba wa Nyegezi

Mimi sitachekesha, mnisamehe.

Mke wangu ni muuguzi. Mwishoni mwa 2023 alipata kazi ya kulea wazee Uingereza, mwajiri kashatoa karatasi zake. Kilichobaki ni maombi ya viza. Angeweza kuomba peke yake, sisi tufuate. Mimi ndiye niliyesema hapana, familia hupanda basi moja. Yeye akakubali, wala hakubishana.

Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vikatuangusha. Mmoja jina la mama limeandikwa kwa herufi moja tofauti na pasipoti, mwingine jina la babu limekuwa la baba. Wenye uzoefu na haya mambo mnajua: nenda, rudi, leta kiapo, afisa hayupo, njoo Alhamisi. Na vipimo vya kifua kikuu kwa kila mmoja. Tulipokamilisha ilikuwa Machi ishaingia katikati. Tarehe 11 Machi 2024 Uingereza walikuwa wamebadilisha sheria: mlezi wa wazee anayeomba kuanzia siku hiyo haruhusiwi kuleta mwenza wala watoto. Aliyekuwa ameshaingia kwenye mpango huo kabla ya hapo, anaruhusiwa. Angeomba peke yake Januari, leo tungekuwa naye.

Akaenda mwenyewe. Anafanya zamu za saa 12. Mimi nasuka nywele za binti, nimejifunza kwa video, mwanzoni alienda shule kama mtu aliyetoka vitani. Jumapili tunaweka simu kwenye kopo la Blue Band mezani, yeye anakula kule, sisi huku. Mdogo wa miaka minne akitaka kumwonyesha mtu "mama" ananyoosha kidole kwenye kopo.

Nani alimfuata nani? Sisi hakuna aliyemfuata mtu.

Kamanga Feri

Pole sana kaka. Samahani kwa kuuliza, kwa nini asirudi tu?

Baba wa Nyegezi

Mkopo wa saccos, na kiwanja cha Buhongwa tulishakiuza. Mwakani Agosti tutakuwa tumemaliza deni, ndipo tutaongea.

Mama Michembe

Pole baba. Mimi nilimfuata mume wangu Muscat, alikuwa fundi wa mitambo ya viyoyozi. Kwa aliyetoka Mwanza joto la Juni kule si joto, ni adhabu. Unatoka nje saa sita mchana, pumzi inagoma.

Nilijiandaa kwa Kiarabu, nikabeba na kitabu. Wiki ya kwanza nimesimama kwenye lifti nahangaika kutafuta salamu, bibi mmoja kajifunika vizuri, ananiambia, "Hujambo mwanangu, umetoka wapi?" Nilitaka kumkumbatia. Kazaliwa Unguja, wazee wake waliondoka baada ya mapinduzi ya 1964. Jengo zima lina watu kama yeye. Lakini Kiswahili chake! Akanituma siku moja nimletee mbatata na tungule. Nikazunguka duka zima natafuta tungule, kumbe ni nyanya. Mimi nikisema viazi yeye anacheka, anasema nyie wa bara mnaongea kama mnapasua kuni.

Yule bibi ndiye aliyekuwa shangazi mliyesema hamkuwa naye. Tulipogombana na mume wangu kuhusu hela za kutuma kwao, alituita wote wawili, akatukalisha kwenye zulia, akamsikiliza mume wangu kwanza, kisha mimi, kisha akatuambia tutume nusu kwao nusu kwetu na tusimsumbue tena mchana wa Ijumaa. Tulifanya hivyo mpaka tunaondoka. Mama mkwe wangu alipopata habari kuwa kuna bibi wa Oman anayepanga hela za mwanawe, hakufurahi, lakini hilo ni la uzi mwingine.

Mleta mada, niambie ukweli, mlipeleka michembe? Mimi nilipeleka kilo tano, afisa wa forodha akazinusa moja moja, akaniuliza ni mbao gani hizi.

Mwana Sengerema

Niko Canada na mume wangu, mwaka wa kumi na tatu. Tulichukua uraia wa huku 2021, na kwa kuwa Tanzania haikubali uraia pacha, wa kule ukaondoka. Tulikuwa tumelijadili mwaka mzima, mume wangu hataki, mimi nataka. Nikashinda. Safari ya kwanza baada ya hapo najaza viza ya mtandaoni, dola 50, sababu ya safari: kumsalimia mama. Mume wangu yuko nyuma ya kiti changu, hasemi kitu. Angesema ingekuwa nafuu. Sasa kuna hii habari ya hadhi maalumu kwa wa diaspora, tunaifuatilia, na yeye ndiye anayenisomea kila kipengele kwa sauti.

Mwaka jana tulivuka daraja la Kigongo–Busisi. Mara zote nilizowahi kwenda nyumbani ilikuwa ni foleni ya kivuko, unashuka, unanunua mahindi ya kuchoma, unapiga soga na watu usiowajua. Safari hii kilomita tatu, dakika chache, tayari uko Sengerema. Ni zuri, sikatai, wagonjwa wamekufa wakisubiri kivuko kile. Ila watoto wangu niliwaahidi mahindi ya pale, ikabidi dereva ageuze.

Mwalimu wa Igoma (mleta mada)

Mama Michembe, tulipeleka matobolwa pia, vile viazi vinavyochemshwa kwanza ndipo vikaushwe. Forodha Frankfurt hawakutugusa, labda waliona ni dawa.

Baba wa Nyegezi nimekusoma mara mbili. Nikija Nyegezi stendi nitakutafuta tunywe chai.

Mgeni mpya 2

Hamjambo. Mimi ndiye mke wa mleta mada. Nimefungua akaunti leo kwa kazi hii moja.

Habari ya samaki ni ya kweli, ila sikulilia samaki. Dakika kumi kabla nilikuwa nimesimama nje ya mlango wa bafu, yeye yumo ndani anaongea na kaka yake wa Misungwi kwa simu. Nilimsikia anasema, "Masomo yangu yanaendelea vizuri, profesa wangu ni mkali kidogo." Nikarudi jikoni taratibu. Tangu siku ile mpaka leo sijawahi kumwambia kuwa nilisikia.

Na chupa alikuwa anaziokota mpaka za kwenye bustani. Hilo pia nilijua.

Rolex Mbili

Mleta mada, upo?

Kamanga Feri

Nimeona taa ya kijani kwenye jina lake, inawaka na kuzima.